Yai Kwenye Kope la Jicho

Nyinyi vijana wa kanisa letu hapa Kathonzweni, mliochanga mkanunua mashine ya kuangulia vifaranga, ile yenye namba nyekundu zinazowaka mbele, mmeniomba niwaandikie ninachojua kuhusu joto. Nimekubali. Lakini kabla hamjasoma mbali, mtu mmoja ainuke alete mabeseni matatu.

La kwanza tia maji ya moto kiasi cha kuoshea vyombo. La pili tia maji baridi ya mtungi. La tatu changanya, yawe vuguvugu. Sasa mkono wa kulia uingie kwenye la moto na wa kushoto kwenye la baridi, uhesabu mpaka mia bila kuruka namba, maana nawajua. Kisha mikono yote miwili iingie beseni la tatu kwa pamoja. Haya, niambie, maji hayo ni ya moto au ni baridi? Mkono wa kulia utaapa ni baridi. Wa kushoto utaapa ni moto. Na wewe mwenye mikono utabaki mdomo wazi, hujui umwamini yupi.

Kila aliyeajiriwa chini yangu alipitia mabeseni hayo. Mchungaji mmoja aliyekuja kununua vifaranga nilimfanyia hayo hayo, akajaribu kupatanisha mikono yake kwa dakika nzima kabla ya kuuliza kama kuna chai. Nilichotaka waone ni kwamba ngozi ya mtu haisomi joto kama themomita. Ngozi inalinganisha tu pale ilipo na pale ilipotoka. Asiyejua hilo atapika mayai ya watu huku akiamini anayatunza.

Mimi naitwa Mwikali, Mama Mutua, ingawa wengi wenu mmezoea kuniita Susu, yaani nyanya. Nilifanya kazi Kibwezi, kando ya barabara ya Mombasa, kwenye mashine za kuangulia za Bwana Kariuki, ambaye wazazi wake walikuja huku kutoka upande wa Nyeri wakiwa na Biblia na mbegu za vitunguu. Wakulima walituletea mayai, sisi tukayaangua, wakarudi kuchukua vifaranga. Ni kazi ya siku ishirini na moja, tena na tena, mpaka nywele zikawa nyeupe. Nitawaambia nilivyofundishwa, na nitawaambia pia jinsi nilivyokaribia kumaliza ukoo mzima wa kuku wa mama mkwe wangu. Hilo la pili sijawahi kulisema kanisani, hata siku za ushuhuda.

Aliyenifundisha aliitwa Ndunge, mama mmoja mfupi, mwenye mdomo. Namba za themomita hakuzipenda. Asubuhi yangu ya kwanza nilipewa trei nioshe kwa maji ya kisima, na maji yale mwezi wa Julai yanauma mpaka kwenye mfupa. Nilipomaliza nikajipeleka mwenyewe kwenye mashine kuonyesha bidii. Nikagusa yai.

"Aiya! Mayai yanachemka!" nikapiga kelele, na nikanyoosha mkono kupunguza utambi wa taa ya mafuta iliyokuwa ikiipasha mashine joto.

Ndunge alinipiga kofi la mkononi kama mtoto aliyeshika nyama ya wageni. "Mikono yako imetoka kwa maji baridi," akasema. "Saa hii ata maiti ukishika utasema ako na homa."

Kisha akachukua yai, akafumba jicho moja, akalilaza taratibu kwenye kope. Akasimama hivyo, kimya. Nilidhani anaomba. Akalirudisha na kusema, "Iko sawa. Rudi kwa trei zako."

Kope, vijana, ni ngozi nyembamba kuliko zote mlizo nazo. Haioshi vyombo, haiipui sufuria, haishiki jembe. Haijapata nafasi ya kuwa sugu. Yai likiwa sawa, kope linatulia tu, linasikia uvuguvugu kidogo na kuusahau. Likiwa limepoa, jicho linajikunja. Likiwa limezidi joto, jicho linataka kufumbuka lenyewe kabla hujaamua. Mnaweza kucheka, lakini jaribuni kwanza na yai la dukani, halafu na lile lililotoka chini ya kuku, mtaniona nina akili.

Ila kuna masharti. Usipime ukiwa umetoka juani, na usipime ukiwa mgonjwa. Tulikuwa na mwenzetu mmoja aliyepima kwa kope akiwa na malaria, akatangaza kwamba mashine zote mbili zimezimika na mayai yamekufa kwa baridi. Ndunge akamwekea yeye mkono kwenye paji la uso, akampeleka zahanati. Mayai yalikuwa salama kabisa. Yeye ndiye aliyekuwa anaungua.

Vifaranga wakishatoka kazi inakuwa rahisi, kwa sababu wanakwambia wenyewe. Mkianza na mashine yenu, tafadhali msikae mnatazama zile namba nyekundu. Tazameni watoto. Wakirundikana chini ya taa wanapanda migongoni na kulia kwa sauti kali, wanaona baridi. Wakijibanza ukutani mbali na taa, mabawa yameachana na mwili na midomo wazi, mnawachoma, na hawana jasho la kuwasaidia, kuku hatoki jasho. Wakihamia wote upande mmoja, kuna upepo unaingia, tafuta tundu uzibe. Wakitawanyika kama watu wa mji wa Kabati siku ya soko, kila mmoja na shughuli zake, wewe toka nje ukanywe chai. Nilikuwa nikipeleka vifaranga Kabati na njiani nikirudi nawaza watu wale, hakuna aliyesimama karibu na mwenzake ila anayeuziana naye.

Sasa mama mkwe wangu. Aliitwa Syombua, na hakunipenda wala hakunichukia, alikuwa ananichunguza. Alikuwa na kuku wa shingo wazi, wale wasio na manyoya shingoni, ambao watu wa mjini wakiwaona wanauliza kama ni wagonjwa. Si wagonjwa. Shingo ile tupu inatoa joto nje, na saa sita ya Februari, wakati kuku wengine wamelala chini wanahema, wale wa shingo wazi wanaendelea kuchakura. Mbegu hiyo Syombua alipewa na mama yake alipoolewa, na alijua kila kuku ni mjukuu wa nani.

Kuku hao walimsumbua jambo moja tu, walikula mtama wake ukianikwa. Siku moja akachoka. Akatwanga pilipili kali, akaikoroga na maji, akanyunyizia mtama wote uani. "Leo wataungua midomo," akaniambia. "Wataenda kuhadithia wenzao."

Mimi nilikuwa nimekaa pembeni nabambua mbaazi, na nilikuwa na siri. Afisa wa mifugo mmoja alishanieleza kwamba pilipili haina moto wowote. Inachofanya ni kubonyeza ule mshipa wa fahamu ulimini ambao kazi yake ni kupiga kelele "moto!" ukigusa kitu kinachounguza, na mshipa unapiga kelele bure. Ni kama peremende za minti, hazina barafu ndani yake, zinabonyeza tu mshipa wa baridi. Ila ndege, mshipa wao wa moto upo na unafanya kazi, lakini pilipili haijui kuubonyeza. Kuku anakula pilipili kama wewe unavyokula karanga.

Nilinyamaza. Nikabambua mbaazi zangu nikingoja.

Kuku wakaja. Wakadonoa. Jogoo akaita mitetea yake yote, na hata wa jirani wakaruka uzio. Syombua akasimama na mikono kiunoni akisubiri waungue. Hawakuungua. Kilichofuata, mume wangu Muthama akatoka nyumbani, akaona kuku wanamaliza mtama, akainama kuukusanya kwa mikono, na jua likiwa kali vile akapangusa jasho machoni. Tangi la maji lilikuwa mita kama ishirini. Alilifikia kwa hatua tatu.

Mama mkwe akanigeukia. "Wewe ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua, mama."

"Na ukakaa kimya?"

"Mama, hukuniuliza."

Wiki nzima alinisalimia kupitia kwa watoto. Nilicheka sana wakati ule. Kunyamaza kulikuwa kunanipendeza, na ndiyo tabia iliyokuja kunigharimu.

Miaka miwili hivi baadaye nyegere aliingia katika kizimba cha Syombua. Mnajua nyegere, haui kuku mmoja akashiba. Asubuhi hakukuwa na kuku hata mmoja aliyesimama, wala jogoo. Kilichobaki ni mayai arobaini ambayo Syombua alikuwa ameyakusanya ndani ya kiondo chini ya kitanda, yamefunikwa na pumba. Mbegu yote ya mama yake ilikuwa sasa ndani ya kiondo kile, na hakuna kuku wa kuyalalia.

Alikuja Kibwezi mwenyewe, kiondo mapajani njia nzima. Akaizunguka mashine, akachungulia taa, akagonga ubao wake.

"Kuku akilalia ananyonyoka manyoya ya kifua," akasema, "yai linagusa ngozi. Anajua likipoa na anajua likizidi. Hii sanduku yenu iko na nini?"

"Iko na taa na themomita, mama. Na iko na mimi."

"Hapo kwa wewe ndio naogopa."

Akachora kila yai msalaba wa mkaa asije akapewa ya mtu mwingine, akaondoka. Ndunge wakati huo alikuwa ameshaacha kazi kwa sababu ya maumivu ya miguu, na mimi ndiye niliyekuwa mkubwa wa mashine. Nilijisikia, siwafichi.

Siku kumi na saba mambo yalikwenda vizuri. Siku ya kumi na nane asubuhi niliitoa themomita ya kioo niipanguse, ikaniponyoka. Ilianguka kwenye saruji, ikaruka mara moja, ikatulia. Nikaiokota. Haikuvunjika. Nikatazama kushoto, nikatazama kulia, hakuna aliyeona. Nikairudisha mahali pake, nikafunga mlango wa mashine.

Saa sita ilikuwa inaonyesha joto limeshuka digrii mbili nzima. Nikajiambia utambi umechoka. Nikauongeza mpaka ule mstari mwekundu ukarudi pale unapotakiwa, na nikapumua. Ukweli ni kwamba kuna sehemu ndani yangu ilijua, na niliinyamazisha.

Kesho yake kabla ya chakula nikalaza yai lenye msalaba kwenye kope, kwa mazoea tu. Jicho likafumbuka lenyewe. Nikajaribu lingine, jicho likafumbuka. Nikajaribu jicho la pili. Sikuwa nimeosha kitu siku ile, mikono ilikuwa mikavu, sikuwa na homa. Nikatazama themomita, iko sawasawa, namba ya kila siku. Basi nikafanya kama mtu yeyote mwenye aibu, nikaamini ile iliyonifaa. Nikaenda kula. Githeri ilikuwa nzuri siku hiyo na niliiacha nusu sahani. Nikarudi, nikapima tena, kisha nikamwita Bwana Kariuki.

"Bosi, mashine imezidi joto."

Akachungulia kioo. "Imezidi wapi? Iko sawa. Hii themomita imetoka ng'ambo, Mama Mutua. Hilo jicho lako limetoka wapi?"

"Kathonzweni, bosi."

"Sasa niache ya ng'ambo niamini ya Kathonzweni?"

Wafanyakazi wenzangu wawili walikuwa wamesimama pale, na mmoja alikuwa Kavata, msichana aliyeanza kazi mwezi ule. Wakacheka. Nikamwambia, "Basi iweke kwapani, bosi. Dakika chache tu. Mtu mzima hapoi, tuone itasema nini."

Alikuwa mtu wa utani, akaiweka. Tukangoja. Alipoitoa nikaisoma kwa sauti, thelathini na nne na kidogo.

"Bosi, kwa hii glasi yako wewe ulikufa asubuhi."

Wenzangu wakashikilia mbavu. Yeye hakucheka. Akaipeleka dirishani, akaiinua juu kwenye mwanga, na sote tukakiona, pale juu kabisa ya mrija, kitone chekundu kimekwama peke yake, kimekatika na wenzake. Mstari uliobaki chini ulikuwa mfupi. Kwa hiyo ilisema joto ni kidogo, nami nikawa naongeza moto. Mayai yote mle ndani yalikuwa yameteswa kwa siku nzima.

"Haiya. Hii imeanguka," Kariuki akasema. "Nani ameangusha?"

Akamtazama Kavata, kwa sababu kitu kikivunjika mahali popote hutazamwa aliyekuja mwisho. Kavata akarudi nyuma hatua moja, maana alijua hana la kujitetea. Mkiniuliza, ile ndiyo dakika ndefu kuliko zote za kazi yangu. Ningeweza kunyamaza. Nilikuwa hodari sana wa kunyamaza.

"Ni mimi," nikasema. "Jana asubuhi."

Kariuki alipunguza utambi yeye mwenyewe, akafungua matundu ya hewa, hakunifokea. Ningependa angenifokea. Akasema tu, "Ya wakulima wengine nitaongea nao mimi. Mama yako utampigia wewe."

Syombua alifika siku ya ishirini, mapema. Hakunisalimia.

"Wamekufa?"

"Wengine, mama. Sijui wangapi. Themomita niliangusha mimi, nikaficha. Ndio ikanidanganya nikaongeza moto." Nilisema yote bila kuvuta pumzi, nikijua nikisimama sitaendelea.

Nikatoa trei yake, nikaiweka mezani kando ya dirisha lililo wazi. Ilikuwa Julai, na hewa ya asubuhi ilikuwa kali.

"Unafanya nini? Unawaua mara ya pili?"

"Nawasikizisha baridi kidogo, mama. Siku ya ishirini kifaranga anapumua tayari ndani ya yai. Akiona baridi analalamika. Aliye hai atasema mwenyewe."

Tukasimama. Kitambo kikapita, hakuna kitu. Nilikuwa nasikia malori barabarani. Halafu, kutoka katikati ya trei, sauti nyembamba, kali, ya mtu aliyefunuliwa blanketi. Kisha nyingine. Syombua akainua yai, akaliweka sikioni chini ya kitambaa chake. Akalipeleka kulia. Akachukua la pili, akasikiliza, akalipeleka kushoto. Alifanya hivyo kwa yote arobaini, bila kuniruhusu kugusa hata moja. Kulia yalikuwa ishirini na moja yanayolalamika. Yale ya kushoto aliyarudia moja moja, akayasikiliza mara ya pili, na hapo ndipo nililia.

Akageuka. "Hawa wanaona baridi! Rudisha ndani! Umesimama hapo ukingoja nini?"

Ndani ya mashine. Yeye, aliyeiita sanduku. Nikayarudisha mbio, hata yale yaliyonyamaza, maana huwezi kujua. Akavuta kigoda, akakaa mbele ya mlango wa mashine, na hakuondoka hapo mpaka walipomaliza kutoka. Walitoka ishirini na watatu. Wawili walikuwa katika wale walionyamaza. Wengi wao walikuwa na vishingo vitupu tangu kwenye ganda, na mama mkwe alikuwa akiwainua mmoja mmoja na kuwatajia bibi zao.

Wakati wa kuwatia kwenye katoni nilimwambia, "Mama, kumi na saba walikufa kwa sababu yangu. Niambie kitu."

Alifunga katoni kwa kamba kwanza, akahakikisha matundu yapo. "Nyegere aliua wote akaenda zake," akasema. "Wewe umeua kumi na saba ukanipigia simu."

Sikujua nicheke au nilie zaidi, na hakuningoja niamue.

Basi vijana, mashine yenu ni nzuri kuliko yetu. Wekeni themomita mbili, si moja, na kila wiki mzipime kwapani mwa mtu mzima mwenye afya. Jifunzeni kope. Na chombo kikianguka, hata kama hakuna aliyeona, hata kama kinaonekana kizima, semeni siku hiyo hiyo kabla ya saa sita. Baada ya saa sita tayari mtu ameongeza moto.

Mwaka uliofuata Syombua alirudi Kibwezi na mayai sitini ya kuku wale wale, yamechorwa misalaba. Nilimkimbilia mlangoni kupokea kiondo. Akanisalimia vizuri sana, akaniuliza habari za watoto wote kwa majina, akanipita, akamkabidhi Kavata kiondo.